Nyimbo za waliovuta pantoni ya Mtwapa

Majuzi nilikuwa ndani ya matatu ya kuelekea Kilifi. Tulivuka daraja la Mtwapa kabla kondakta hajamaliza kunirudishia chenji. Nilipotupa jicho kule chini majini, nikakumbuka swali la mwanafunzi mmoja aliyetaka nimpe mfano wa hodiya, tena hodiya ya kweli, si ile ya kitabuni. Nami, kwa haya ya mwalimu aliyebanwa, nilimpa ile ile ya kitabuni. Makala ya leo ni deni ninalomlipa.

Mto Mtwapa unapokaribia bahari hupanuka ukawa mkono wa bahari, na mkono huo ndio unaoikata njia ya Mombasa kwenda Malindi. Watu walivuka hapo kwa mitumbwi tangu kale. Magofu ya Jumba la Mtwana, mji uliokuwapo katika karne ya 14, yangali upande wa kaskazini. Lakini magari yalipoingia enzi za ukoloni, mtumbwi haukufaa tena. Ikaletwa pantoni, chombo cha sakafu bapa kilichobeba magari machache kwa mkupuo mmoja, kikivutwa kwa mnyororo uliotandazwa kutoka ng'ambo hii hadi ile. Injini haikuwapo. Injini ilikuwa watu.

Hili neno pantoni tumelitohoa kutoka Kiingereza, sawa na feri. Si kwamba Kiswahili kilikuwa maskini. Tulikuwa, na tungali, na kivuko, neno linalotokana na kitenzi vuka na linalobeba maana mbili kwa pamoja: mahali pa kuvukia na chombo cha kuvukia. Tulikuwa pia na liko, yaani pwani ya kuegesha vyombo na kushusha watu. Anayepanda feri ya Likoni kila asubuhi hulitamka neno hilo bila kujua. Hata hivyo, chombo kigeni kilikuja na jina lake, tukalipokea.

Kisiwani kwenyewe mambo yalibadilika mwaka wa 1931, daraja la kuelea la Nyali lilipofunguliwa na watu wakawa wanalipa ushuru ili wapite. Dereva aliyelivuka daraja hilo akielekea Malindi alijua bado ana maji mengine mbele yake, Mtwapa na kisha Kilifi.

Sasa tuje kwenye nyimbo. Wavutaji walishika mnyororo kwa pamoja, wakauvuta, na pantoni ikasogea. Wakaachia, wakashika tena. Kazi ya namna hii haitaki nguvu tu. Mmoja akivuta mapema na mwenzake akachelewa, nguvu zote zinapotea bure, na maji kujaa au kupwa hayamsubiri mtu. Basi kiongozi alighani, wenzake wakaitikia, na mnyororo ukavutwa pale kiitikio kilipoangukia. Wimbo ndio uliokuwa saa yao.

Hapa ndipo ninapokosana kidogo na vitabu vyetu vya fasihi simulizi. Vinatuambia kwamba hodiya huimbwa ili kupunguza uchovu na kuchapusha kazi. Ni kweli, lakini ni ukweli wa mtu aliyekaa kando akitazama. Kwa mvutaji wa Mtwapa wimbo haukuwa kitulizo. Ulikuwa chombo cha kazi kama mnyororo wenyewe, na ukiunyamazisha, pantoni inasimama katikati ya maji na magari yake.

Kuna jingine. Maneno mengi yalibuniwa papo hapo, kulingana na nani amepanda. Abiria mkarimu aliweza kusifiwa, na mchoyo naye akapata chake. Wageni waliosafiri njia hiyo waliondoka wakisimulia pantoni ya ajabu ambayo watu wake huimba. Sauti waliisikia na kuipenda. Lakini asiyejua lugha angetambuaje kama anasifiwa au anasutwa? Mtu aketi ndani ya gari lake, avushwe kwa jasho la wenzake, atabasamu, atoe bakshishi, kumbe ubeti mzima ni yeye! Nikiliwazia hilo hucheka peke yangu. Vibarua wasio na nafasi ya kumjibu bwana mkubwa ana kwa ana walikuwa na wimbo, tena hadharani.

Daraja lilipojengwa Mtwapa, waimbaji walikosa kazi. Kilifi feri iliendelea, nayo ilikuwa ya injini kwa miaka mingi, hadi daraja la huko lilipofunguliwa mwaka wa 1991. Injini haihitaji kiitikio.

Kwa hivyo, mwanafunzi wangu, likizo hii panda matatu ushukie Mtwapa. Watafute wazee ambao baba zao au babu zao walivuta mnyororo ule. Usiwaulize habari za hodiya, maana huenda neno hilo hawalitumii. Waulize tu: walikuwa wakiimba nini? Na uende na kalamu.