Zamu Pasipo Mwenyekiti

Watu wengi wakikutana mahali pamoja, jambo la kwanza si lipi lisemwe, bali ni nani aseme na lini. Barazani kuna mzee, mkutanoni kuna mwenyekiti, darasani kuna mwalimu wa kutazama mikono iliyonyooshwa. Je, wakikutana mahali pasipo na mwenyewe, zamu itatoka wapi? Swali hili hunijia kila nisomapo historia ya mawasiliano ya redio baina ya mashine. Wahandisi wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka hamsini, na majibu yao yana mafunzo hata kwetu tusio wahandisi.

Habari yenyewe inaanzia visiwa vya Hawaii. Mwaka 1968, Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kutafuta njia ya kuunganisha vituo vilivyotawanyika na kompyuta kuu ya chuo bila kutegemea nyaya za simu. Mtambo wao, ALOHANET, ulianza kazi Juni 1971. Ulikuwa na mikondo miwili ya redio. Mmoja ulikuwa wa kushuka: kompyuta kuu husema, wengine husikiliza. Huo haukuwa na taabu, maana msemaji ni mmoja. Taabu ilikuwa katika mkondo wa kupanda, ambako vituo vyote vilitaka kusema na kompyuta ile ile, wala kimoja hakikujua mwenzake anataka kusema lini.

Jibu la Abramson lilikuwa jepesi ajabu: mwenye neno aseme. Asipopata jibu kwamba ujumbe umefika, achukulie kuwa umegongana na wa mwenzake. Angoje muda wa kubahatisha, kisha aseme tena. Uhuru huo ulikuwa na gharama, na Abramson mwenyewe aliipigia hesabu: kazi yenye manufaa haiwezi kuzidi asilimia 18 hivi ya uwezo wa mkondo. Kinachobaki ni migongano na ukimya. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alionyesha kwamba kila mmoja akikubali kuanza kusema pale tu saa inapogonga, kiasi hicho huongezeka maradufu, hadi karibu asilimia 37. Nidhamu kidogo, faida mara mbili.

Lakini vituo vile vya Hawaii vilikuwa watoto wa nyumba moja. Mambo yalibadilika tarehe 9 Mei 1985, pale tume inayosimamia mawasiliano Marekani ilipofungua bendi tatu, mojawapo ikiwa ile ya gigahezi 2.4, zitumike kwa mawasiliano bila leseni. Hizo zilikuwa bendi za mashine za viwandani na majiko ya maikrowevu. Masharti yalikuwa machache: usizidishe nguvu, na ukiingiliwa usilalamike. Katika uwanja huo ndipo kilipozaliwa kiwango cha mwaka 1997 tukijuacho leo kwa jina la Wi-Fi. Kanuni yake ni ya adabu: sikiliza kwanza, ukisikia mwingine anasema, nyamaza, akimaliza, ngoja kidogo kwa kubahatisha ndipo useme. Kiwango hicho kilikuwa pia na njia ya kituo kuviita vifaa kimoja kimoja kwa zamu, lakini watengenezaji wengi waliiacha.

Simu za mkononi zilikulia katika dunia nyingine kabisa. Kampuni hununua masafa, na mnara huwa ndio mfalme. Simu yenye ujumbe huomba, mnara huamua: wewe utasema sasa, wewe utangoja. Kisha matumizi yakafurika, na kampuni zikaanza kuyatamani masafa ya bure ya gigahezi 5. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kati ya 2014 na 2016 palikuwa na ubishi mkali. Watu wa Wi-Fi waliogopa kwamba mnara usiozoea kusikiliza ungewameza wapole. Sheria za Ulaya na Japani zilidai kusikiliza kabla ya kusema. Za Marekani hazikudai. Hatimaye umoja wa viwango vya simu, 3GPP, uliandika sharti la kusikiliza: kwa mkondo wa kushuka mwaka 2016, na kwa mkondo wa kupanda mwaka 2017.

Hapo ndipo mfalme alipouona mpaka wa ufalme wake. Mnara uliweza kuipa simu zamu, lakini haukuweza kuiahidi kwamba njia itakuwa wazi. Ulipaswa kusikiliza kabla ya kutoa zamu katika masafa hayo. Simu nayo ikasikilize tena kabla ya kuitumia. Na baina ya amri na utekelezaji zilipita milisekunde kadhaa. Katika muda huo jirani angeweza kuanza kusema, na zamu ikapotea bure. Dawa mojawapo ilikuwa mnara, ukishaipata njia, uzigawie simu zake muda uliobaki, nazo zisikilize kitambo kifupi tu, mikrosekunde 25. Tena mwaka 2018 kiwango kikaongeza ruhusa ya simu kusema zenyewe, katika nafasi zilizotengwa mapema, pasipo kungoja amri kila mara. Harufu ya Hawaii ikarudi katika jumba la mfalme.

Na Wi-Fi je? Ilikuja kutoka upande wa pili. Kiwango chake cha 802.11ax, kilichoidhinishwa mwaka 2021, kinakiruhusu kituo kuviita vifaa kadhaa, kuvigawia vipande vya masafa, na kuviamuru vitume kwa pamoja. Waliozoea uhuru walijifunza zamu. Waliozoea amri walijifunza kusikiliza.

Mimi naona funzo hapa. Adabu bila mpango hupoteza njia nyingi, kama hesabu ya Abramson ilivyoonyesha. Lakini kwenye mali isiyo na mwenyewe, mpango bila adabu ni unyang'anyi uliovaa kanzu nyeupe. Zamu aliyopewa mtu na mkubwa wake haimwondolei wajibu wa kumsikiliza jirani ambaye hayumo chini ya mkubwa huyo.