Mifuko ya kahawia

Mwaka 1973, kiwanda cha Michigan Chemical katika mji wa St. Louis, jimbo la Michigan nchini Marekani, kilikuwa kikitengeneza unga wa aina mbili. Nutrimaster ulichanganywa kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa. FireMaster ulikuwa PBB, kemikali yenye bromini iliyotiwa katika plastiki ya makasha ya vyombo vya umeme ili isishike moto upesi. Mifuko yenye rangi za kuitofautisha ilipoadimika, unga wote ukatiwa katika mifuko ya karatasi ya kahawia, jina likapigwa chapa nyeusi. Na majina yenyewe yalikaribiana!

Mifuko ya FireMaster ikapelekwa kimakosa kwenye kinu cha chakula cha mifugo karibu na Battle Creek.

Septemba hiyo, ng'ombe wa mfugaji Frederic Halbert walianza kususa chakula. Maziwa yakapungua, kwato zikarefuka na kupinda. Bahati njema Halbert alikuwa amesomea uhandisi wa kemikali, wala hakukubali kuambiwa kwamba kasoro iko zizini mwake. Alituma sampuli huku na huko hadi Aprili 1974, George Fries, mtaalamu wa serikali huko Beltsville, alipoitambua PBB. Miezi yote hiyo watu wa Michigan walikuwa wakinywa maziwa na kula nyama na mayai kama kawaida. Mashamba zaidi ya 500 yakawekwa karantini. Ng'ombe wapatao 30,000 na kuku milioni 1.5 wakaangamizwa, wengi wa ng'ombe wakifukiwa kwenye mashimo ya Kalkaska.

Sifa iliyomfurahisha mwenye kiwanda ndiyo iliyoleta balaa: PBB haivunjiki kirahisi. Ikiingia mwilini hujificha kwenye mafuta na kukaa miaka, na kwa mama hupita hadi kwa mtoto, tumboni na katika maziwa. Watafiti waliofuatilia familia za Michigan zilizokula vyakula hivyo waligundua kwamba mabinti waliopata kiasi kikubwa tumboni, kisha wakanyonyeshwa, walivunja ungo mapema kuliko wenzao.

Marekani iliacha kutengeneza FireMaster hiyo katikati ya miaka ya 1970. Mkataba wa Stockholm uliipiga marufuku duniani mwaka 2009. Chuo Kikuu cha Emory kilipopima damu ya watu wa Michigan miaka 40 baada ya mkasa, wengi bado walikuwa na PBB kupita kiwango cha Wamarekani wengine.