Primeval (filamu ya 2007)

Primeval ni filamu ya kutisha na ya mapigano kutoka Marekani iliyotolewa tarehe 12 Januari 2007. Inasimulia safari ya kundi la waandishi wa habari wa Kimarekani wanaokwenda Burundi kumsaka Gustave, mamba mkubwa anayekula watu. Filamu iliongozwa na Michael Katleman na kuandikwa na John Brancato na Michael Ferris. Ilitolewa na Hollywood Pictures, iliyokuwa chini ya kampuni ya Walt Disney. Waigizaji wakuu ni Dominic Purcell, Orlando Jones, Brooke Langton na Jürgen Prochnow. Muziki ulitungwa na John Frizzell.

Jina la filamu ni neno la Kiingereza lenye maana ya "cha tangu mwanzo wa dunia". Isichanganywe na tamthilia ya televisheni ya Uingereza yenye jina hilohilo, iliyoanza kurushwa mwaka huohuo.

Tofauti na madubwana mengi ya sinema, Gustave si wa kubuni. Ni mamba anayejulikana na wakazi wa bonde la mto Ruzizi na pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo filamu hii inaweza kulinganishwa na habari za mnyama mwenyewe na za nchi anamoishi.

Hadithi

Mtaalamu mzungu anayechunguza kaburi la halaiki nchini Burundi anauawa na mamba. Wenyeji wengi wamekwisha kuuawa kabla yake bila dunia kujali, lakini kifo hiki kinaivutia stesheni moja ya televisheni ya Marekani. Tim Manfrey (Dominic Purcell), mtayarishaji wa habari aliyeharibikiwa kazini, anatumwa kwenda kupiga picha za ukamataji wa mnyama huyo. Anafuatana na mpiga picha Steven Johnson (Orlando Jones), mwandishi wa habari za wanyama Aviva Masters (Brooke Langton) na mtaalamu wa wanyama watambaao Matt Collins (Gideon Emery). Kiongozi wao porini ni mwindaji Jacob Krieg (Jürgen Prochnow), ambaye ana kisasi chake mwenyewe na mamba huyo.

Kundi linatega kizimba cha chuma, lakini Gustave hanaswi kwa urahisi. Wakati huohuo wanajikuta katikati ya vita. Eneo hilo linatawaliwa na mbabe wa vita anayeitwa Gustave Mdogo, ambaye wanamgambo wake wanaua raia. Kamera ya wageni inaponasa mauaji, wanaanza kuwindwa pande mbili: majini na mamba, nchi kavu na watu wenye bunduki. Kijana wa kijijini, Jojo, anayetamani kwenda Marekani, anakuwa msaada wao. Wengi wanauawa kabla ya mwisho wa hadithi.

Gustave halisi

Gustave ni mamba wa Nile (jina la kisayansi Crocodylus niloticus). Jina hilo alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia kwa miaka mingi. Inakadiriwa kuwa ana urefu wa zaidi ya mita 6 na uzito wa zaidi ya kilo 900, lakini hajawahi kukamatwa wala kupimwa. Hutambuliwa kwa ukubwa wake na kwa makovu yanayosemekana kuwa ya risasi. Mwanzoni alidhaniwa kuwa na umri wa miaka 100. Baadaye watafiti walipunguza makadirio hayo hadi miaka 60 hivi, kwa kuwa mamba wa miaka 100 angekuwa amepoteza meno, naye bado alikuwa nayo.

Mara nyingi husemwa kwamba Gustave ameua watu 300. Idadi hiyo ni uvumi, si hesabu. Mamba wengine wakubwa wanaishi katika maji hayohayo, na ni vigumu kutambua ni yupi aliyeua nani.

Jaribio maarufu la kumkamata lilionyeshwa katika filamu ya hali halisi iliyorushwa mwaka 2004. Faye na wenzake walitengeneza kizimba chenye urefu wa mita 9 hivi na kutega vyambo vya namna mbalimbali, lakini Gustave hakunaswa. Kizimba kinachoonekana katika Primeval kinafanana na kile cha kweli.

Utengenezaji

Ingawa hadithi inatokea Burundi, filamu ilipigwa picha Afrika Kusini. Mamba alitengenezwa kwa kompyuta. Mbinu hii humwezesha mwongozaji kumwonyesha mnyama akifanya chochote: kuruka, kuvunja vitu na kuwakimbiza watu nchi kavu.

Uwezo huo una gharama yake. Katika Jaws, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, papa wa mashine aliharibika mara kwa mara, hivyo mwongozaji akalazimika kumficha chini ya maji kwa sehemu kubwa ya filamu. Hofu ya mtazamaji ilitokana na kile asichokiona. Katika Primeval mnyama anaonekana mara nyingi na kwa karibu, na kadiri anavyoonekana ndivyo mtazamaji anavyotambua kwamba ni mchoro wa kompyuta.

Filamu na ukweli

Mwenendo wa mamba. Mamba wa Nile huwinda kwa kuvizia. Hujificha majini karibu na ukingo, hurukia ghafla, kisha huvuta windo lake majini. Nchi kavu anaweza kukimbia kwa umbali mfupi tu, halafu huchoka. Mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Mnyama wa filamu, anayefukuza watu na kuua mmoja baada ya mwingine kama mwenye kinyongo, hafanani na mamba wa kweli.

Waathirika. Wanaoshambuliwa na mamba kwa kawaida ni wavuvi, watu wanaooga, wanawake na watoto wanaochota maji au kufua, na watu wanaovuka mto. Hali ni hiyo pia katika mito ya Tanzania, kama Rufiji na Ruvuma, ambao chanzo chake kiko milima ya Matogoro karibu na Songea. Kinachookoa maisha huko si mwindaji shujaa, bali kisima au bomba la karibu, au uzio imara wa mahali pa kuchotea maji. Filamu inamaliza muda wake mwingi kwa wageni waliokuja kwa hiari yao.

Vita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi vilianza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, vikaendelea hadi katikati ya miaka ya 2000. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, hasa mkoa wa Kigoma. Mazungumzo ya amani yalisimamiwa na Julius Nyerere hadi kifo chake mwaka 1999, kisha na Nelson Mandela, na Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000. Filamu inadai kwamba maiti zilizotupwa mtoni ndizo zilizomzoesha Gustave nyama ya binadamu. Haielezi chanzo cha vita wala juhudi za kuvimaliza, na mtazamaji asiyeijua Burundi anabaki na picha ya nchi yenye wauaji na mamba tu.

Mapokezi

Filamu haikufanikiwa. Ilipata takriban dola milioni 15 duniani kote. Matangazo yake yalimtaja muuaji wa watu wengi bila kusema kuwa ni mamba, na watazamaji waliotarajia hadithi ya mhalifu wa kibinadamu walilalamika kwamba wamedanganywa. Wahakiki wengi hawakuisifu. Hata hivyo, filamu yenyewe ina shutuma ya haki: wahusika wanakumbushana kwamba vifo vya Waafrika wengi havikuwa habari mpaka alipokufa mzungu mmoja.

Filamu inayofanana nayo

The Ghost and the Darkness (1996) inahusu simba wawili wa Tsavo, Kenya, waliowaua wafanyakazi wa reli mwaka 1898 kabla ya kupigwa risasi na John Henry Patterson mwezi Desemba mwaka huo. Nayo ilipigwa picha Afrika Kusini, lakini ilitumia zaidi simba hai. Simba wa filamu wana manyoya marefu shingoni, ilhali wale wa kweli, ambao ngozi zao zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, hawakuwa nayo.