Rangi Haitoshi: Kulitambua Trekta la Bustani Lilivyotoka Kiwandani

Wanafunzi wa historia tumezoea kwamba chanzo ni hati, barua au masimulizi ya mzee. Katika insha hii ninachukua chanzo cha aina nyingine: trekta la bustani lililotengenezwa Marekani katika miaka ya 1960. Mwenzangu mmoja aliniuliza kitu kama hicho kina historia gani. Jibu langu ni kwamba husomwa kama hati, na kama hati huweza kufutwa na kuandikwa upya.

Huku kwetu Uganda mtu akisikia "trekta dogo" hufikiria mashine ya kulimia inayoongozwa na mtu anayetembea nyuma yake. Ninalozungumzia lina usukani, kiti na magurudumu manne, ila ni dogo kiasi cha kuegeshwa kando ya gari la nyumbani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani wengi walihamia vitongoji vya miji, kwenye nyumba zenye viwanja vya nyasi za kukatwa kiangazi na theluji ya kusukumwa wakati wa baridi. Kampuni zilizozoea kumwuzia mkulima zikamgeukia mwenye nyumba. International Harvester ilitoa Cub Cadet mwaka 1961. John Deere ikafuata mwaka 1963 kwa modeli 110, iliyoundwa katika kiwanda chake cha Horicon, jimbo la Wisconsin. Hiyo ndiyo nitakayoitumia.

Jina 110 lilibaki lile lile kwa miaka mingi huku chombo chenyewe kikibadilika. La 1963 lilikuwa na injini ya Kohler K161 yenye nguvu za farasi 7. Mwaka 1964 ikaingia K181 ya farasi 8. Hadi 1965 madigadi ya nyuma yalikuwa ya mviringo, na kuanzia 1966 yakawa bapa. Basi mtu akikutana na 110 yenye madigadi ya mviringo na injini ya farasi 8, haraka atasema ni ya 1964 au 1965. Huenda. Lakini injini hufungwa kwa bolti tu. Mwenye trekta la 1963 ambaye injini yake imekufa angeweza kufunga nyingine yenye nguvu zaidi na kuendelea kukata nyasi zake. Injini ina bati lake la namba na trekta lina lake, na la injini haliwezi kutoa ushahidi juu ya umri wa trekta.

Kwa hiyo, mbele ya kila sehemu mtafiti ajiulize: kuibadilisha hii kungemgharimu mwenyewe nini, na angefaidika nini? Kiti hung'olewa kwa dakika chache, boneti vilevile. Fremu ni kazi nyingine kabisa. Tofauti nyingine ni nyepesi kuonekana. Kwa mfano modeli 140, iliyotoka 1968, ilikuwa na aina zilizoitwa H1 na H3, na anayehesabu vishikio vya haidroliki ataona kimoja au vitatu.

Rangi ndiyo yenye mtihani. John Deere hujulikana kwa kijani na manjano, lakini kati ya 1969 na 1971 ilitoa matrekta ya bustani yaliyoitwa Patio. Mwili ulikuwa mweupe, na mnunuzi alichagua boneti na kiti vya rangi nyekundu, chungwa, manjano au buluu. Nadhani hapa kampuni ilikuwa ikizungumza waziwazi na watu wa vitongoji: hiki si chombo cha shamba, ni kitu cha nyumbani kama gari lako. Watu hawakuvutiwa sana. Baadhi ya wauzaji, ili bidhaa itoke dukani, waliyapaka matrekta hayo kijani na manjano.

Tazama sasa ugumu wake. Trekta la kijani leo huenda lilizaliwa jeupe. Kwa upande mwingine, kwa kuwa Patio sasa linatafutwa na wakusanyaji, lililozaliwa la kijani linaweza kupakwa nyeupe na kuvikwa boneti nyekundu. Mwanahistoria atakayehesabu matrekta yaliyosalia kwa kuangalia rangi ya juu peke yake anaweza kudhani kwamba mpango huo ulifaulu, ilhali wauzaji wa wakati ule walikuwa wakiuficha kwa brashi.

Ushahidi uko mahali ambapo mpakaji hakujali kufika: chini ya kiti, nyuma ya dashibodi, ndani ya boneti, pembeni mwa nati ambazo hazijafunguliwa. Weupe chini ya kijani una maana moja, kijani chini ya weupe kina maana nyingine. Tatizo ni kwamba mkarabati hodari husugua mpaka chuma kitupu kabla ya kupaka upya, na tabaka zote huondoka pamoja na vumbi.

Kama ningepewa kuchagua trekta la kuwekwa makumbusho, ningeliacha lile linalong'aa nikachukua chakavu, lenye kijani kinachobanduka na weupe unaochungulia chini yake, na ningeomba lisiguswe kwa msasa.