Gesi ya Ziwa Kivu: namna inavyotolewa, na kwa nini haraka peke yake haitoshi

Ndani ya maji ya Ziwa Kivu kuna utajiri, na hatari iko mulemule. Wataalamu wanakadiria kwamba maji ya chini yanabeba karibu kilometa za ujazo 60 za gesi ya metani, na karibu 300 za gesi ya kaboniki. Metani inawaka: inaweza kutoa umeme na moto wa kupikia. Kaboniki haiwaki. Ndiyo ile wakaaji wa Goma wanaita mazuku, inayojikusanya kwenye mashimo upande wa Himbi na Bulengo na kuua mbuzi, hata watu.

Kwa nini gesi inakaa chini

Ziwa lina kina cha mita 485. Maji ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito, na hayachanganyikani na maji ya juu. Uzito wa maji ya juu unaifinya gesi, nayo inabaki imeyeyuka, kama ndani ya chupa ya soda yenye kifuniko. Maadamu maji yamelala kwa tabaka zake, wavuvi wanatega sambaza juu bila shida.

Shida ingekuja kama tabaka hizo zingevurugika kwa nguvu. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika gesi ya kaboniki usiku, na watu karibu 1.700 wakafa. Nyos ni ziwa dogo sana likilinganishwa na Kivu. Ndiyo sababu Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na wakuu wakasema magma iko chini ya mji na chini ya ziwa, mitaa mingi ya Goma iliamriwa kuhama.

Gesi inatolewa namna gani

Tiyo ndefu inashushwa toka kwenye mashine inayoelea, mpaka kina cha mita 350 hivi. Mwanzo maji yanavutwa kwa pampu. Yakipanda, uzito unaoyafinya unapungua na mapovu yanatokea. Kiisha mapovu yenyewe yanasukuma maji juu, na pampu haihitajiki tena. Juu, gesi inatengwa na maji. Inaoshwa kwa maji mengine ili sehemu kubwa ya kaboniki iondoke, halafu metani inapelekwa pwani kwa bomba na kuwasha mashine za umeme.

Hata kwingine gesi ya aina hii inatoka pamoja na maji. Kule Queensland, Australia, metani imekwama ndani ya makaa ya mawe chini ya udongo (si makala ya kupikia). Kampuni zinatoboa visima, kiisha zinapampu maji kwa majuma au miezi. Maji yakipungua, gesi inaanza kujitoa. Siku ya kwanza hakuna cha kuuza, na maji yale ya chumvi lazima yapatiwe mahali pa kwenda. Swali hilo la maji ndilo kubwa pia hapa Kivu.

Maji yanarudi wapi

Maji yaliyokwisha kutolewa gesi bado yana chumvi na chakula cha majani ya majini. Yakimwagwa juu, yanaweza kuharibu maji ya samaki. Yakirudishwa kwa kina kisichofaa, yanaweza kulegeza tabaka zinazofunga gesi ya chini. Mwaka wa 2009 wataalamu waliandika kanuni za kazi hii kwa ajili ya Rwanda na Congo. Juu ya kina hasa cha kurudishia maji, wanasayansi wanaendelea kubishana.

Waliotangulia walianza kidogo kidogo

Tangu mwaka wa 1963, kituo kidogo cha Cap Rubona kilipeleka gesi kwenye kiwanda cha bia cha Bralirwa, Gisenyi. Mwaka wa 2008 Rwanda ilianza kupata umeme kidogo kwa mradi wa majaribio, KP1. Mkataba wa KivuWatt ulitiwa saini mwaka wa 2009, lakini megawati zake 26 zilianza kuuzwa mwishoni mwa 2015. Kwa hiyo, hata mwenye mkataba na pesa alihitaji miaka sita.

Upande wa Congo, mapatano na Rwanda juu ya gesi hii yapo tangu 1975. Julai 2022, serikali ya Kinshasa ilifungua mnada wa maeneo matatu ya gesi: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Mwanzo wa 2023 ilitangaza kampuni zilizochaguliwa. Ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, ina hali yake: pale kaboniki inaanza karibu sana na uso wa maji.

Mambo ya kuuliza

Kampuni ikifika kusema itatoa gesi upesi, wakaaji, wavuvi na wakubwa wa mitaa wana haki ya majibu matatu. Maji yatarudishwa mita ngapi chini? Nani atapima ziwa kila mara, asiyelipwa na kampuni ile, na matokeo yatasomwa wapi? Umeme utafika kwenye nyumba za Goma, Bukavu na Idjwi, kwa bei ambayo mama anayepikia makala ataiweza? Hili la mwisho linagusa pia mbuga ya Virunga, ambako sehemu kubwa ya makala ya Goma inakatwa.

Maji ya ziwa hayajui mpaka. Kosa la upande mmoja litafika upande wa pili, na ndiyo maana majibu hayo yanapaswa kutolewa mbele ya tiyo ya kwanza kushuka.