Heshima na Jina katika Riwaya za Kiingereza za Karne ya 18

Mwanafunzi akiulizwa riwaya ya Kiingereza ilianza na nini, hutaja Robinson Crusoe ya 1719. Si vibaya. Lakini kitabu kilichowagawa wasomaji wa London kilitoka mwaka 1740, nacho kilimhusu mtumishi wa ndani mwenye umri wa miaka 15.

Pamela iliandikwa na Samuel Richardson, mpiga chapa aliyekuwa akitunga kitabu cha mifano ya barua kwa watu wa kawaida. Bwana wa nyumba anamtaka Pamela kwa hila na kwa nguvu, Pamela anakataa, mwishowe bwana anamwoa. Kwa Richardson, hiyo ilikuwa tuzo ya wema. Henry Fielding alicheka. Katika Shamela (1741) alimgeuza msichana huyo kuwa mjanja anayenadi usafi wake mpaka bei ifike. Tukiacha kejeli, swali lake lilikuwa zito: wema unaolipwa kwa ndoa ya tajiri ni wema au biashara?

Katika Clarissa (1747–1748) Richardson hakutoa tuzo hiyo tena. Lovelace anamlevya Clarissa kwa dawa na kumbaka. Hata rafiki yake mpenzi anamshauri aolewe naye ili jina lipone. Clarissa anakataa, na hatimaye anafariki. Hapa Kiswahili kinatusaidia: jina hukaa midomoni mwa watu, ilhali heshima aliyoidai Clarissa hakuna jirani aliyeweza kumpa wala kumnyang'anya. Wasomaji walimwandikia Richardson wakimsihi abadili mwisho. Hakubadili.

Ikumbukwe kwamba binti akirubuniwa na kuachwa, aliyeweza kudai fidia ya kurubuniwa huko mahakamani alikuwa baba yake, tena kwa hoja kwamba amepotelewa na huduma ya binti nyumbani!

Wanaume walikuwa na kipimo kingine. Tom Jones (1749) analala na wanawake kadhaa na bado anampata Sophia. Hata hivyo Fielding, aliyekuwa pia hakimu, alimpa Blifil jina safi na moyo mchafu, na kwa maoni yangu huo ndio ukali halisi wa kitabu kile. Mwaka 1753 Bunge lilipitisha sheria ya Lord Hardwicke dhidi ya ndoa za siri. Haikuhusu Scotland, na wapenzi waliokataliwa na wazazi wakaanza kukimbilia huko.