Flashi, unga wa magnesiamu na shela la bibi harusi wa Igunga

Leo tuongee flashi, ila tuingilie mlango wa historia, maana tatizo linalowasumbua wapiga picha wa harusi pale Igunga lina umri mkubwa kuliko kamera zao.

Tatizo lenyewe mnalijua. Sherehe iko nje, usiku, nyuma ya meza kuu ni giza tupu. Mpiga picha anafyatua, wajomba wenye suti nyeusi wanatoka wamepauka nyuso kama wamepakwa unga wa muhogo. Anahamia kwa bibi harusi, mambo yanageuka: shela jeupe limekuwa la kijivu na uso umezama gizani. Flashi ni ileile, umbali uleule. Lawama zote anapewa betri!

Turudi nyuma kidogo. James Grant, mwenzake Speke, alikuja na kamera na akapiga picha Unguja mwaka 1860. Bara ilimshinda. Joto ndani ya kihema cha kuandalia vioo vya picha lilikuwa la kuua, kamera ikarudishwa Pwani. Walipofika Kazeh, yaani Tabora, Januari 1861, Grant alikuwa mtu wa kuchora kwa rangi za maji. Jua lipo la bure, na bado picha ikashindikana. Usiku ndiyo usiseme.

Usiku ulifunguliwa na Wajerumani. Mwaka 1887 Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitengeneza unga wa kumulika, magnesiamu iliyochanganywa na kemikali za kuchochea moto. Carl Georg Schillings akauleta huku koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, akapiga simba usiku kwenye nyika za Umasai, na kitabu chake cha mwaka 1905 kikawashangaza Ulaya. Hebu fikiria kurekebisha mwanga zama zile: ni kuongeza au kupunguza unga. Ukizidisha, picha inaungua. Ukikosea kuchanganya, unaungua wewe.

Balbu za flashi zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha Harold Edgerton wa Marekani akaleta flashi ya umeme mwaka 1931. Mpiga picha bado alipiga hesabu kichwani: namba ya flashi gawa kwa umbali. Flashi ya 36, mtu yuko mita 4.5, unafungua lenzi f/8. Umekwisha. Hesabu hiyo haijali nguo ya mtu.

Mwaka 1975 Olympus OM-2 ikaanza kupima mwanga wa flashi ndani ya kamera yenyewe, kupitia lenzi. Raha, lakini hapo ndipo ugonjwa wetu ulipoanzia. Kipimo kinadhani kila kinachokiona ni kijivu cha wastani. Kikiona suti nyeusi na giza, kinamwaga mwanga. Kikiona shela, kinaubana.

Na uamuzi wa nani amulikwe kiasi gani haukuwa wa kifundi tu. Kamera ya Polaroid ID-2, ya picha za vitambulisho, ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Mitambo ya Polaroid ilitumika kupiga picha za vitabu vya pasi vya Waafrika chini ya makaburu. Wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kulipinga mwaka 1970. Kampuni ilijitoa Afrika Kusini mwaka 1977.

Kitufe cha leo ni kile chenye alama ya radi na +/−. Suti nyeusi na giza: shuka −1. Shela limejaa fremu: panda +1. Hakisikii? Angalia kwanza kama flashi iko kwenye M, maana hapo marekebisho hayo hayafanyi kazi. Halafu kuna hili linalowachanganya wengi: kwa Canon, ukiweka marekebisho kwenye flashi yenyewe, yale ya kwenye kamera yanapuuzwa, kwa Nikon yanajumlishwa. Na kama flashi tayari inatoa nguvu yake yote, hata uweke +3 hakuna kitu. Sogea, fungua lenzi, au pandisha ISO: kutoka 100 kwenda 400 flashi inafika umbali mara mbili.

Mchana nako ina kazi. Waliokuwa Igunga kwenye uchaguzi mdogo wa Oktoba 2011 wanalijua jua la saa saba na kofia zinazoficha macho ya watu. Hapo weka flashi −1 au chini zaidi, macho yatoke bila uso kung'aa, ila spidi ya kamera isivuke 1/200 au 1/250 kutegemea mashine yako. Ukivuka, washa hali ya spidi ya juu na umsogelee mgombea, kwa sababu hapo nguvu ya flashi inapungua sana.